Maya Moore: Uchambuzi wa Kisa cha Bingwa Aliyeondoka Uwanjani Akiwa na Miaka 29

Mwezi Februari 2019, Maya Moore, fowadi wa timu ya Minnesota Lynx, alitangaza kwa maandishi yake mwenyewe kwamba hangecheza msimu uliokuwa unakaribia wa WNBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya wanawake nchini Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 29. Hakuwa majeruhi, klabu yake ilikuwa bado inamtaka, na kocha wake alikuwa upande wake. Julai ya mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa mchezo wa nyota wa ligi kwa mara ya tatu mfululizo. Alikuwa ameshatwaa ubingwa wa WNBA mara nne, ubingwa wa vyuo vikuu mara mbili, dhahabu ya Olimpiki mara mbili na ubingwa wa dunia mara mbili. Tangu hapo hakucheza tena mchezo hata mmoja wa ligi, na Januari 2023 akastaafu rasmi. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwanamume aliyekuwa amekaa gerezani miaka 23 katika jimbo la Missouri, kwa hukumu ambayo hatimaye mahakama iliibatilisha, alitoka akiwa huru, na Moore alikuwa miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa ya kumtoa.

Kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili. Wapo wanaomsimulia Moore kama shujaa aliyejitoa mhanga, na wapo wanaokifanya kisa chote kuwa hadithi ya mapenzi, kwa kuwa mwanamume huyo, Jonathan Irons, ndiye mume wake leo. Kila njia ina ukweli wake, lakini zote mbili zinautenga uamuzi wa 2019 na miaka iliyouzaa. Kwa maoni yangu, uamuzi ule ulitokana na mambo mawili yaliyokuwa yakikua sambamba kwa zaidi ya miaka kumi: kesi ambayo Moore aliifahamu tangu akiwa msichana wa miaka 18, na uchovu unaoletwa na namna mpira wa kikapu wa wanawake ulivyokuwa ukiendeshwa, ambapo aliye bora kuliko wote ndiye aliyekosa hata mwezi mmoja wa kupumzika. Anayetaka kumpima kama mchezaji hana budi kuyatazama yote mawili, kwa sababu jibu la swali la kama maisha yake ya uchezaji yalikatika au yalitimia limo humo.

Moore alizaliwa tarehe 11 Juni 1989 katika mji wa Jefferson City, makao makuu ya jimbo la Missouri, na akalelewa na mama yake peke yake. Alipokuwa na miaka mitatu, mama huyo alitundika kikapu kidogo kwenye mlango wa nyumba yao, ili mtoto apate mahali pa kumalizia nguvu zake nyingi. Baadaye mama alihama kwa ajili ya kazi, na binti akaishia jimbo la Georgia, ambako alisoma katika shule ya sekondari ya Collins Hill. Timu ya shule hiyo, katika miaka minne aliyoichezea, ilishinda michezo 125 na kupoteza mitatu. Inafaa kuikumbuka hesabu hiyo, kwa sababu huyu ni mtu ambaye karibu kila timu aliyoichezea, tangu utotoni hadi utu uzima, ilikuwa timu ya ushindi, na mtu wa namna hiyo haondoki kwa sababu ameshindwa kuvumilia.

Mwaka 2007 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Geno Auriemma. Katika mwaka wake wa kwanza alichaguliwa mchezaji bora wa kanda yao ya Big East, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa kike au wa kiume. Misimu ya 2009 na 2010 timu yake ilimaliza bila kupoteza mchezo hata mmoja, ushindi 39 kila mwaka. Mfululizo wa ushindi wa timu hiyo ulifika michezo 90, ukaipita rekodi ya 88 iliyowekwa na timu ya wanaume ya chuo kikuu cha UCLA katika miaka ya 1970. Siku timu ilipoivunja rekodi hiyo kwa ushindi wa 89, mwezi Desemba 2010, Moore alifunga pointi 41, idadi ambayo hakuwahi kuifikia katika mchezo mwingine wowote wa chuo. Kwa miaka minne alipoteza michezo minne tu: dhidi ya Rutgers na Stanford mwaka 2008, dhidi ya Stanford tena mwishoni mwa 2010, na dhidi ya Notre Dame katika nusu fainali ya 2011, siku ambayo yeye mwenyewe alifunga pointi 36.

Takwimu za namna hii zinaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ushindi ulikuja kwa urahisi, kwa hiyo nitausimamia kidogo mchezo mmoja. Fainali ya 2010 ilichezwa San Antonio dhidi ya Stanford. Hadi mapumziko, Connecticut, timu iliyokuwa imezoea kuwapita wapinzani kwa pointi 30 na zaidi, ilikuwa imefunga pointi 12 tu dhidi ya 20 za wapinzani wao. Mipira iligonga chuma na kurudi, na wachezaji wakaanza kutupa kwa haraka kama watu wanaotaka kuondokana na mpira. Kipindi cha pili Moore hakubadilisha kitu kikubwa katika uchezaji wake. Aliendelea kutafuta nafasi zilezile, akitupa kwa mkono uleule uliotulia, na mipira ikaanza kuingia. Alimaliza na pointi 23 na ribaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu ambayo aliidaka, timu ikashinda kwa 53 dhidi ya 47. Katika mchezo ambao kila mtu mwingine alikuwa amepoteza imani na mkono wake, yeye alizipata karibu nusu ya pointi za timu yake. Naona tabia hiyo ya kubaki na njia ileile wakati matokeo yanachelewa kuwa ndiyo inayomweleza kuliko kipaji chake, na tutaikuta tena mahakamani.

Aprili 2011 Lynx walimchagua kuwa mchezaji wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi. Timu hiyo, iliyofundishwa na Cheryl Reeve, ilikuwa imemaliza msimu wa 2010 kwa ushindi 13 na vipigo 21. Msimu wa kwanza wa Moore ilishinda 27, ikapoteza saba, ikatwaa ubingwa. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, kwani Lindsay Whalen aliuongoza mpira, Seimone Augustus alikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa zama zake, Rebekkah Brunson alitawala ribaundi, na mwaka 2015 akaongezeka Sylvia Fowles chini ya kikapu. Kwa wanawake hao, Lynx walicheza fainali sita katika misimu saba, wakashinda mwaka 2011, 2013, 2015 na 2017. Moore alikuwa mchezaji bora wa fainali ya 2013, na mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi nzima, akifunga wastani wa pointi 23.9 kwa mchezo.

Picha inayokumbukwa zaidi ya miaka hiyo ni ya Oktoba 2015 mjini Indianapolis. Ilikuwa mchezo wa tatu wa fainali dhidi ya Indiana Fever, kila timu ikiwa imeshashinda mmoja, matokeo yakiwa 77 kwa 77, na saa ikionyesha sekunde 1.7. Sekunde moja na nusu na ushee ni muda ambao wachezaji wengi huutumia kudaka mpira na kuutupa papo hapo, wakiomba uingie. Moore aliudaka nyuma ya mstari wa pointi tatu, akajifanya anatupa, beki akaruka, yeye akadunda mara moja kuelekea kushoto, akasimama sawasawa, ndipo akatupa. Taa ya mwisho wa mchezo iliwaka mpira ukiwa hewani, nao ukaingia. Wanaofundisha vijana wanaweza kuurudia mtupo ule mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna uamuzi wa kuongeza hatua moja pale ambapo akili ya kawaida inamwambia mtu kwamba muda umekwisha.

Sasa tuitazame kalenda. Msimu wa WNBA ulichukua miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba au Oktoba kwa timu iliyofika fainali, na Lynx walifika karibu kila mwaka. Mshahara wa juu kabisa wa ligi, hata kwa mchezaji bora wa mwaka, haukufika dola 120,000 kwa msimu katika miaka yote aliyocheza Moore, wakati ambapo wastani wa mishahara ya NBA, ligi ya wanaume, ulihesabiwa kwa mamilioni. Matokeo yake ni kwamba wachezaji wakubwa wa kike walilazimika kwenda kucheza ng'ambo wakati wa baridi, ambako klabu zililipa mara kadhaa ya walichokipata nyumbani. Moore alifanya hivyo mara tu baada ya msimu wake wa kwanza: akiwa na Ros Casares ya Valencia, Hispania, alitwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 2012, kisha akaenda Uchina kuichezea Shanxi, akashinda ligi ya huko misimu mitatu mfululizo, na mwaka 2018 akatwaa tena ubingwa wa Ulaya akiwa na UMMC Ekaterinburg ya Urusi. Ongeza London 2012, Rio 2016 na mashindano ya dunia ya 2010 na 2014, ambayo mara ya pili alichaguliwa mchezaji bora.

Msomaji anaweza kuisoma aya iliyotangulia kama orodha ya vikombe. Mimi naisoma pia kama ratiba ya kazi ya mtu ambaye, tangu 2007, alikuwa akimaliza fainali moja na kupanda ndege kwenda kuanza msimu mwingine. Mwili unaweza kustahimili, hasa mwili uliotunzwa vizuri kama wake, lakini kuna sehemu ya mtu isiyopimwa na daktari wa timu. Mwaka 2015 Moore mwenyewe aliandika makala akieleza jinsi mchezaji anayetoka chuo maarufu, ambako viwanja hujaa na televisheni hazikosekani, anavyoingia katika ligi ya kulipwa na kukuta kwamba macho ya umma yamepungua badala ya kuongezeka. Aliyaandika hayo akiwa mwanamke wa kwanza wa mpira wa kikapu kusainiwa na Jordan Brand, chapa ya viatu na mavazi ya michezo, yaani akiwa miongoni mwa wachache waliobahatika zaidi. Kama yeye aliona hivyo, hali ya wenzake wasio na mkataba wa viatu haihitaji maelezo marefu. Wanaouliza ilikuwaje mtu akaacha fedha na umaarufu wa namna ile wanauliza swali linalomfaa zaidi mwanamume wa NBA. Kile alichokiacha Moore kilikuwa kikubwa kwa heshima, na kwa jasho kilikuwa kikubwa zaidi, lakini malipo yake hayakuwahi kulingana na ukubwa huo.

Upande wa pili wa kisa unaanza Januari 1997, katika mji wa O'Fallon, pembezoni mwa St. Louis. Mwenye nyumba mmoja alirudi nyumbani akamkuta mwizi ndani, risasi zikapigwa, na mwenye nyumba akajeruhiwa kichwani, ingawa alipona. Jonathan Irons, kijana mweusi wa miaka 16, alikamatwa akashtakiwa kama mtu mzima. Hapakuwa na alama ya kidole, chembe ya damu wala unyayo uliomuunganisha na nyumba ile. Polisi mmoja alidai kwamba Irons alikiri mbele yake, lakini mahojiano hayo yalifanyika wakiwa wawili peke yao na hayakurekodiwa, na Irons alikana daima kwamba aliwahi kukiri. Mwenye nyumba, ambaye alipoonyeshwa picha mara ya kwanza hakuwa na uhakika, alimtaja Irons mahakamani. Mwaka 1998 jopo la raia, wote wazungu, lilimtia hatiani, na akahukumiwa kifungo cha miaka 50.

Sijasahau kwamba palikuwa na mtu aliyepigwa risasi nyumbani kwake, naye alistahili haki kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana kumfunga asiyehusika ni kosa lenye pande mbili: linamtesa mmoja, na linamwachia mwingine aliyefyatua risasi aendelee na maisha yake.

Familia ya Moore ilimfahamu Irons kupitia huduma ya kanisa gerezani, ambako ndugu yao mmoja mzee alikuwa akifundisha kuimba. Wazazi wake wa ubatizo, Reggie na Cheri Williams, walivutiwa na kijana yule, wakaanza kuyapitia majalada ya kesi yake moja baada ya jingine. Kiangazi cha 2007, kabla ya kwenda chuo, Moore alikwenda nao kumtembelea katika gereza la Jefferson City, mji uleule aliozaliwa. Kwa hiyo urafiki wao una umri sawa na maisha yake ya ubingwa, maana ulianza mwaka uleule alipoingia Connecticut. Alimwandikia na kumtembelea alipopata nafasi, na wakati wote huo alikuwa akishinda fainali moja baada ya nyingine. Watu wanaodhani kwamba mwaka 2019 alivutwa ghafla na kesi aliyoisikia kwenye habari wamekosea kwa miaka 12.

Kitu kilichoibadilisha kesi hiyo kilikuwa karatasi moja. Katika majalada ilionekana taarifa ya wataalamu kuhusu alama ya kidole iliyopatikana ndani ya nyumba, upande wa ndani wa mlango, ambayo haikuwa ya Irons wala ya mwenye nyumba. Mawakili waliomtetea Irons mwaka 1998 hawakupewa taarifa hiyo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1963 katika shauri la Brady dhidi ya Maryland, upande wa mashtaka unawajibika kumpa mshtakiwa ushahidi wowote wenye uzito unaoweza kumsaidia, na kuuficha kunaweza kuibatilisha hukumu. Sheria hiyo ilikuwepo miaka 34 kabla ya Irons kukamatwa. Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. Anahitajika mtu wa kuipata karatasi, wakili wa kuifikisha mbele ya jaji, fedha za kumlipa wakili huyo kwa miaka, na subira ya kurudi kila ombi linapokataliwa. Mfungwa aliyeingia akiwa na miaka 16 hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu vya mwisho, isipokuwa labda subira.

Hapo ndipo mchango wa Moore unapoonekana bayana. Alisaidia kugharamia mawakili, akiwemo Kent Gipson wa Kansas City, mzoefu wa kesi za watu waliofungwa kimakosa. Alianzisha kampeni aliyoiita Win With Justice ili umma uelewe madaraka ya waendesha mashtaka. Ujasiri wa kusema hadharani alikuwa ameshauonyesha: Julai 2016, baada ya polisi kuwaua wanaume wawili weusi, Philando Castile karibu na Minneapolis na Alton Sterling huko Baton Rouge, Moore na manahodha wenzake wa Lynx walivaa fulana za kudai haki na uwajibikaji, na askari wanne waliokuwa wakilinda uwanja nje ya zamu zao za kawaida waliacha kazi wakaondoka. Hiyo ilikuwa wiki kadhaa kabla ya dunia kumwona Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, akikataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa, na ninasikitika kwamba kumbukumbu ya umma imempa yeye nafasi ya kwanza na kuwasahau wanawake wa Minnesota waliotangulia.

Mwaka 2018 Lynx waliondolewa na Los Angeles Sparks katika mchezo wa kwanza wa mtoano, mwezi Agosti. Whalen akastaafu. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu, Moore alikuwa na mwisho wa msimu uliokuja mapema, na mbele yake palikuwa na kalenda ileile. Tangazo la Februari 2019 lilizungumzia familia na huduma ya imani yake. Halikutoa ahadi ya kurudi wala halikufunga mlango. Oktoba mwaka huo alikuwa ameketi mahakamani Jefferson City wakati ombi la Irons la kupinga uhalali wa kifungo chake liliposikilizwa. Kama angekuwa amekubali msimu mwingine, wiki hizo zingekuwa za fainali au za safari ya ng'ambo. Januari 2020 alitangaza kwamba angekosa msimu wa pili na pia Olimpiki ya Tokyo.

Machi 2020 Jaji Daniel Green aliitengua hukumu, akieleza kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu tangu mwanzo na kwamba taarifa ya alama ya kidole ingeweza kubadilisha matokeo. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipinga uamuzi huo katika mahakama za juu, na Irons akaendelea kukaa ndani kwa miezi mingine, gonjwa la korona likiwa limeshaingia magerezani. Mahakama za juu zilikataa kuingilia, mwendesha mashtaka wa wilaya akaamua kutomshtaki upya, na tarehe 1 Julai 2020 Irons akatoka gerezani kwa miguu yake. Kamera zilimwonyesha Moore akipiga magoti chini kabla hajamkaribia. Septemba mwaka huo wawili hao walitangaza kwamba wameshafunga ndoa, na mwaka 2022 walipata mtoto wa kiume.

Ndoa hiyo ni furaha yao, na sioni sababu ya kuitilia shaka. Ninachokipinga ni kuisoma kesi nzima kwa kuanzia mwisho, kana kwamba kazi ya kisheria ilikuwa pambo la uchumba. Wazazi wake wa ubatizo waliianza kazi hiyo kabla yake, mawakili waliifanya kwa hoja zinazosimama bila mapenzi ya mtu yeyote, na jaji hakuulizwa nani anampenda nani. Tukiigeuza kuwa hadithi ya mahaba tutakuwa tumeisahau ile karatasi ya alama ya kidole, ambayo ndiyo inayopaswa kutusumbua, kwa sababu hakuna anayejua ni majalada mangapi mengine yana karatasi kama hiyo na hayana mtu wa kuyafungua.

Wapo mashabiki waliohisi kwamba wamepokonywa kitu, nami siwalaumu. Mchezaji wa miaka 29 aliyefunga wastani wa pointi 18 katika msimu wake wa mwisho alikuwa bado na miaka mitano au sita mizuri mbele yake. Rekodi za jumla za ligi, zinazohesabu pointi na misimu, zitamweka nyuma ya watu ambao hawakuwahi kumzidi siku yoyote uwanjani. Lakini rekodi za jumla hupima zaidi urefu wa safari, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba maisha yake ya uchezaji yalikatizwa. Alicheza misimu minane ya WNBA. Katika misimu hiyo alishinda karibu kila tuzo kubwa anayoweza kupewa mchezaji wa nafasi yake, na timu yake ilikuwa fainalini katika robo tatu ya miaka aliyokuwepo. Kilichokosekana ni marudio.

Mengine yamebadilika tangu aondoke, na ni haki kuyataja kwa kuwa yanagusa sababu ya uchovu niliyoieleza. Mkataba wa wachezaji uliotiwa saini mwaka 2020 uliupandisha mshahara wa juu hadi zaidi ya dola 200,000 na kumhakikishia mchezaji mjamzito mshahara wake wote. Mwaka 2025 ilianza ligi ya Unrivaled mjini Miami, inayochezwa wakati wa baridi ili wachezaji wapate kipato bila kuhama bara. Mmoja wa waanzilishi wake wawili ni Napheesa Collier, naye mzaliwa wa Jefferson City na mhitimu wa Connecticut, ambaye Lynx walimchagua mwaka 2019, miezi miwili baada ya tangazo la Moore. Upande wa gereza mabadiliko hayakwenda kwa kasi hiyo: Irons alipotoka, sheria ya Missouri ilimpa fidia yule tu aliyesafishwa kwa kipimo cha DNA, na kesi yake, iliyosimama juu ya alama ya kidole, haikuingia humo.

Tarehe 24 Agosti 2024 Lynx waliistaafisha jezi yake namba 23, yaani hakuna mchezaji wao mwingine atakayeivaa, mgeni wa siku hiyo akiwa Indiana Fever na mchezaji wao Caitlin Clark, ambaye alikwishaeleza kwamba alipokuwa mtoto aliletwa Minneapolis kumtazama Moore na akapata kumkumbatia. Septemba 2025 Moore aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Naismith, unaowaenzi magwiji wa mpira wa kikapu, pamoja na Fowles na Sue Bird wa Seattle Storm. Bird alishinda ubingwa wa WNBA mara nne kwa misimu 19 ya uwanjani, Moore mara nne kwa minane, na wapiga kura wa ukumbi huo hawakuona kwamba tofauti hiyo ya misimu 11 inampunguzia Moore chochote.